Amplifaya ya Valvu kwa Bendi ya Kyuso: Tunahesabu Kutoka Nane Hadi Moja

Bei ya ndengu ikikubali msimu huu, kuna bendi pale Kyuso, huku Ukambani, itakayoketi chini ya mti na kuulizana swali zito kuliko la nani ataimba mbele: tununue amplifaya gani? Mpiga solo atataka ile yenye jina kubwa. Mpiga ridhimu atakubali yoyote, mradi isimezwe na ya solo. Mpiga besi atauliza kama naye anaweza kuchomeka humo humo, na jibu ni hapana, ndugu yangu, spika ya gitaa itakufia mikononi. Mweka hazina atashika mfuko kwa mikono miwili na kutazama pembeni.

Mfuko wenyewe tuuweke shilingi laki moja. Amplifaya nyingi katika orodha hii zikiwa mpya, ukijumlisha usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, zinaruka ukuta huo. Kwa hiyo ninapotaja jina, fikiria iliyotumika, yenye mikwaruzo, ambayo mwenyewe anaiuza kwa sababu amenunua kubwa zaidi au kwa sababu mke amechoka na kelele.

Kipimo changu ni benga ya Kikamba. Sikiliza santuri za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wa miaka ya 1970 na 1980: ngoma kubwa inagonga kila pigo bila kuchoka, besi inatembea, na juu yake magitaa yanajibizana kwa sauti kavu na angavu, kila uzi ukisikika peke yake. Maneno yakiisha, gitaa la solo linapanda juu kabisa ya shingo na watu wanaanza kuinua vumbi. Hapo ndipo amplifaya mbovu huumbuka, kwa sababu sauti inayopasuka hufunika mazungumzo ya magitaa mawili. Bendi hiyo hiyo Jumapili itaitwa kanisani, na wiki inayofuata itaitwa harusini itoe rumba, reggae na zilizopendwa. Tunatafuta sanduku moja la kazi zote hizo.

Na kwa nini valvu? Valvu ni ile chupa ya kioo iliyokuwa ndani ya redio za mababu zetu, zile zilizohitaji muda wa kupata moto kabla hazijasema neno. John Ambrose Fleming alitengeneza ya kwanza mwaka 1904. Transista ilipozaliwa mwaka 1947 ilizifukuza kwenye redio na televisheni, lakini wapiga gitaa walizikatalia ruhusa ya kuondoka. Valvu ikisukumwa hadi mwisho wa nguvu zake haikatiki ghafla. Inalegea polepole, sauti inanenepa na kukolea, na mkono wa mpigaji unasikika: ukigusa nyuzi taratibu inakuwa safi, ukikaza inakwaruza. Mpiga gitaa akishaonja hilo, kumshawishi arudi nyuma ni kazi.

Jambo moja la wati kabla hatujaanza, maana hapo ndipo watu huibiwa. Amplifaya ya wati 30 haina kelele mara mbili ya ile ya wati 15. Tofauti yake ni desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie ukubwa maradufu, unahitaji karibu wati mara kumi. Unachonunua ukiongeza wati ni nafasi: kiasi gani unaweza kupandisha sauti kabla haijaanza kupasuka. Kwa benga, nafasi hiyo ndiyo mali.

Haya. Mpiga solo, keti.

8. Vidogo vya wati moja hadi tano

Blackstar HT-1, Vox AC4, Fender Champ na jamaa zao. Vitamu sana. Eric Clapton anasifika kwa kutumia Champ kurekodi albamu ya Layla mwaka 1970, kwa hiyo usimdharau mtoto kwa kimo chake. Studioni, weka maikrofoni mbele yake na utapata sauti kubwa kuliko sanduku lenyewe.

Lakini mpiga ngoma wenu akikanyaga pedali yake mara moja tu, habari ya wati tano imeisha. Kinamfaa kijana anayejifunza nyumbani: mama akisema punguza, atapunguza na utamu utabaki. Bendi, pita.

7. Marshall DSL20

Najua. Nimeona macho yalivyowaka.

Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma na mwenye duka la vyombo jijini London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake walichukua mchoro wa Fender Bassman ya Marekani, wakaufuata kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza, na kutoka hapo ikatoka JTM45, bibi wa masanduku yote ya roki unayoyaona yamepangwa nyuma ya wanamuziki kwenye picha. DSL20 ni mjukuu wa bei nafuu: valvu mbili za EL34, wati 20 zinazoweza kupunguzwa hadi 10, chaneli mbili, moja ya upole na moja ya ghadhabu.

Ghadhabu yake ni ya kweli, na kama bendi yenu inapiga roki, acha kusoma hapa ukainunue. Kwa benga, umelipia chaneli ambayo utaitumia kwa nadra. Ipeleke harusini Tseikuru ukaifungulie yote, mzee wa ukoo atakuja kukuuliza kwa huruma kama spika imepasuka.

6. Laney Cub 12R

Wati 15, valvu mbili za EL84, mwangwi ndani, na tundu la pili la kuingizia gitaa linaloshusha nguvu hadi chini ya wati moja kwa mazoezi ya usiku. Kati ya zote humu, hii ina nafasi nzuri ya kuingia kwenye laki ikiwa bado iko karibu na upya. Ya kuaminika, ya adabu, haina makuu. Mchumba ambaye wazazi watampenda kabla yako.

5. Fender Twin Reverb

Wati 85, spika mbili za inchi 12, 6L6 nne. Sauti safi kuliko kitu chochote chenye valvu katika orodha hii. Unaweza kupiga benga usiku kucha na haitapasuka hata mara moja.

Uzito wake unakaribia kilo 30. Mwendesha boda ataiangalia, atakuangalia wewe, kisha atataja bei ya abiria wawili. Na hata ikiwa imetumika, mara nyingi iko nje ya laki. Tuishie kuipenda.

4. Vox AC15

Hapa mazungumzo yanaanza kuwa ya bendi. EL84 mbili, wati 15, spika ya inchi 12, mwangwi wa springi na mtetemo uliojengwa humo humo. Ukoo huu ulijulikana dunia nzima kupitia The Shadows wa Uingereza, bendi ya gitaa tupu isiyohitaji mwimbaji, na kilio chao cha kutaka nguvu zaidi ndicho kilichozaa AC30. Sauti yake ina mng'ao wa juu ambao solo ya benga inauomba: nyuzi nyembamba zinasikika zikiwa zimetengana, hata kasi ikipanda.

Ina matundu mawili ya kuingizia gitaa, kila moja na kitufe chake cha sauti. Kwa bendi maskini, solo na ridhimu wanaweza kulala humo kama wageni wawili kwenye kitanda kimoja: inawezekana, kwa usiku mmoja, na kila mtu akae upande wake. Wakianza kupandishiana sauti, wati 15 zitalemewa na wote wawili watapasuka pamoja.

Hilo ndilo linaloishusha hadi namba nne. Sauti yake inapasuka mapema. Kwa rumba laini na kwa kanisa ni tamu kupita maelezo. Uwanjani, mkiwa na ngoma na watu mia tatu, utaanza kukwaruza kabla hujataka.

Simama kidogo: umeme wa Kyuso

Kabla ya tatu bora lazima tuseme hili, kwa sababu hata amplifaya namba moja ikichomekwa vibaya itakuwa kiti.

Kenya tunatumia volti 240, mizunguko 50. Marekani ni volti 120, Japani ni 100. Amplifaya ya Marekani iliyoletwa na shemeji kwenye begi, ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, itakupa moshi kabla ya noti ya kwanza. Ikiwa una bahati itakufa fyuzi tu. Ndiyo maana ninasisitiza: ikiwa una ndugu Uingereza, Dubai au Muscat, mtafute huyo kwanza. Huko umeme unafanana na wetu na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya mraba. Hata hivyo soma maandishi ya nyuma ya sanduku kwa macho yako mwenyewe. Usiamini maneno ya muuzaji, amini namba iliyochapwa.

Umeme ukipotea mkahamia sola au jenereta, kumbuka kwamba valvu zina nyuzi ndani zinazokunywa umeme muda wote, hata ukiwa hujagusa gitaa. Amplifaya inayotoa wati 40 inavuta kutoka ukutani mara kadhaa zaidi ya hizo. Inveta ya bei ya chini inayotoa umeme wa ngazi ngazi itakuletea mngurumo kwenye spika jioni nzima. Tafuta ile ya wimbi safi. Na jenereta ndogo inayopanda na kushuka iwekewe stabilaiza.

La mwisho, na hili liandikwe kwa mkaa kwenye mfuniko: usiwashe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa. Redio ya kawaida itakusamehe. Hii inaweza kuchoma transfoma yake ya kutolea sauti, na transfoma hiyo ni kipuri ghali na kigumu kupata. Na usiruhusu kijana mwenye bisibisi aifungue kwa udadisi. Ndani mnaweza kuwa na zaidi ya volti 400 kwenye kapasita, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Zimeua mafundi wenye uzoefu.

Tuendelee, sasa nywele zimelala.

3. Fender Blues Junior na Peavey Classic 30

Wamegongana mlangoni na sikuweza kumfukuza yeyote.

Blues Junior ina wati 15, EL84 mbili, spika ya inchi 12, mwangwi wa springi, na uzito wa kilo 14 hivi. Mwanamuziki mmoja, mkono mmoja, boda moja. Ni mojawapo ya amplifaya za valvu zilizouzwa sana duniani, kwa hiyo kila ugonjwa wake umeshaandikwa na kila dawa inajulikana. Chaneli ni moja tu na haina njia ya nyuma ya kupitishia pedali za mwangwi. Ikiwa mna vyombo vizuri vya sauti na maikrofoni ya kuweka mbele yake, inatosha kabisa; mwache fundi mitambo aipeleke sauti uwanjani, wewe ibakize chini isipasuke.

Classic 30 inakuja na EL84 nne, wati 30, chaneli mbili zinazobadilishwa kwa swichi ya mguu, mwangwi wa springi na njia ya pedali. Kwa karatasi, hii ndiyo yenye kazi nyingi kuliko zote kwa bei yake, na sauti yake safi inafika mbali kuliko ya Blues Junior. Nilitaka kuipa namba moja. Kilichoninyima ni tumbo lake: mbao za umeme zimekunjwa na kuunganishwa kwa vijiti vingi vya waya, na vijiti hivyo huchoka na kukatika. Fundi akiifungua kurekebisha kitu kimoja anaweza kukata vingine viwili wakati wa kuikunja tena. Barabara ya kutoka Mwingi kupanda huko kwetu haijakihurumia kijiti chochote.

Chagua kwa barabara unazopita. Mwenye studio na kanisa la kudumu, chukua Peavey. Mwenye kuzunguka Ngomeni leo na Mumoni kesho, chukua Fender.

2. Roland Jazz Chorus

Ndiyo, najua haina valvu hata moja. Weka kiatu chini.

JC-120 ilitoka Japani mwaka 1975, wati 120 za transista, spika mbili za inchi 12, na sauti safi ambayo haijapata mpinzani tangu hapo. Mdogo wake JC-40 ana wati 40 na spika mbili za inchi 10, na huyo boda anambeba bila kubishana. Hiyo sauti pana inayozunguka kwenye rumba na soukous za miaka ya 1980, inayofanya gitaa moja lionekane mawili, ndiyo iliyojengwa ndani ya sanduku hili kwa swichi moja.

Nimeiweka hapa kwa heshima ya mfuko wenu. Haina chupa za kuvunjika njiani, haina valvu za kubadilisha, inalala na vumbi inaamka na vumbi. Kwa benga tupu, bila roki, bila blues, mtu akikuuzia JC-40 nzima ndani ya laki, chukua na usiombe radhi. Kinachokosekana ni ule unene wa valvu pale mkono unapokaza. Ukitaka kuukaribia, nunua pedali ya kukwaruza sauti. Haitakuwa ile ile, ila kwenye harusi hakuna atakayedai fidia.

1. Fender Hot Rod Deluxe, iliyotumika

Ilianza kuuzwa mwaka 1996 na imejaa kwenye soko la vilivyotumika kila mahali, ndiyo maana bei yake huteremka hadi mtu wa laki anaweza kuizungumzia. Wati 40. Spika moja ya inchi 12. Mwangwi wa springi. Njia ya pedali nyuma. Valvu mbili za 6L6 na tatu za 12AX7. Uzito kama kilo 20: watu wawili wakiwa na haraka, mmoja akiwa na mapenzi.

6L6 ni valvu ya mwaka 1936, na bado inatengenezwa. Tabia yake ni kubaki safi kwa muda mrefu kuliko EL84 kabla ya kupasuka, na besi yake haiyumbi. Solo ikipanda kule juu kabisa ya shingo, sauti inabaki na mwili. Ridhimu ikichapwa kwa nguvu, haigeuki uji. Hapo ndipo benga ya Kikamba inapokaa. Jumapili unafungua mwangwi hadi nusu, unapunguza sauti, na kwaya inaimba juu yake bila kupigana nayo.

Kasoro zake nazisema waziwazi. Kitufe cha sauti kinaruka: ukikigeuza hadi mbili hakuna kitu, ukigusa tatu mbuzi wa jirani wamekimbia. Njia ya kukitiisha ni kuweka pedali ya kupunguza sauti kwenye ile njia ya nyuma. Chaneli yake ya kukwaruza mimi siipendi. Ni kali na nyembamba. Iache imelala. Nunua pedali moja nzuri ya volti 9, iweke mbele ya chaneli safi, na utapata blues, roki na reggae bila kugusa kingine. Huo ndio msimamo wangu kwa orodha nzima: pesa nyingi ziende kwenye usafi wa sauti, kwa sababu uchafu unauzwa kando kwa bei ya pedali, lakini hakuna pedali inayouza usafi.

Ugonjwa wake mkuu nao unajulikana: kuna rezista mbili kubwa zinazopata moto sana, na joto lake hupasua lehemu kwenye ubao. Fundi wa Luthuli Avenue anayeelewa valvu huziinua kidogo juu ya ubao na kuzichomelea upya, na tatizo hutulia. Mchoro wake unapatikana kwa urahisi, na ndani kuna sehemu ya kupimia na kitufe cha kurekebisha mkondo wa valvu mpya, jambo ambalo Blues Junior haikupewa. Amplifaya ambayo fundi anaweza kuisoma itaishi kuliko amplifaya nzuri ambayo hakuna anayethubutu kuigusa.

Ukienda kuikagua, beba gitaa lako na usiwe na haraka. Washa, iache ipate moto, kisha piga kwa nusu saa, maana magonjwa ya joto hayajitokezi dakika ya kwanza. Gonga valvu moja moja taratibu kwa penseli: ikilia kwenye spika kama kengele, imechoka. Geuza kila kitufe hadi mwisho. Tingisha sanduku kidogo usikie springi za mwangwi zikinguruma, na ikiwa ziko kimya, shusha bei. Angalia kama maandishi ya nyuma yanasema 230 au 240. Muuzaji akikukataza kuijaribu kwa muda mrefu, mshukuru, mpe mkono, urudi na pesa zako Kyuso.

Na usitumie laki yote. Baki na akiba ya 6L6 mbili zilizopimwa pamoja na 12AX7 moja. Valvu mpya leo hutoka hasa Slovakia, Urusi na China, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 zile za Urusi ziliadimika na bei ikapanda kote. Zifunge kwenye nguo, ziweke ndani ya sanduku lenye sifongo, na zisafiri mapajani mwa mpiga besi. Shoo ikiisha, iache amplifaya ipoe robo saa kabla ya kuipakia: valvu yenye moto haipendi matuta.